Mlia Huanza Kabla Haujaonekana

Je, wajua kwamba kwenye kofia ya kroshia yenye milia, mlia mwekundu huwa umeshaanza ndani ya mlia mweupe? Mvaaji haoni, na mnunuzi haoni. Anayejua ni mfumaji, kwa sababu akichelewa kubadili rangi kwa hatua moja tu, mpaka kati ya nyeupe na nyekundu unachafuka, na hakuna kufua wala kunyoosha kutakakousafisha.

Mfumaji wetu tumkute Isingiro, kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, katika vilima vilivyokuwa vya wilaya ya Karagwe hadi mgawanyo wa mwaka 2012. Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda, kuna wilaya nayo inaitwa Isingiro, na anayevuka mpaka wa Murongo kwenda Kikagati hahitaji mkalimani: Kinyambo cha huku na Kinyankole cha kule ni ndugu wa karibu. Nchi hii iko juu, na asubuhi zake zina baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuamini kwamba ni ya Tanzania hiihii. Kwa hiyo kofia ya mtoto mchanga, soksi zake na shali ya bibi si mapambo. Vitambaa vya makochi, hivyo ndivyo mapambo, na bila hivyo sebule nyingi za Kagera zingejiona ziko uchi.

Milia yenyewe mara nyingi huzaliwa na uhaba. Uzi wa kufumia huuzwa katika madonge madogo, na donge moja halimalizi shali. Rangi ya bluu uliyoanza nayo ukirudi dukani unaweza usiikute tena, au ukaikuta imekaribiana tu na ile ya kwanza. Kiwanda hutia rangi uzi kwa mafungu, na kila fungu huwa na namba yake kwenye karatasi ya donge; mafungu mawili ya rangi moja hayalingani sawasawa. Ukiyaunganisha katikati ya shali ya rangi moja, tofauti inaonekana hata na mtu aliyeketi mlangoni. Ukiweka mlia wa njano katikati yake, hakuna atakayeshtuka. Fundi mwenye akili huificha dosari ya kiwanda kwa kuifanya urembo, na mimi naona huo ni ufundi kamili, si ujanja wa maskini.

Sasa tuisogeze sindano karibu na jicho. Sindano ya kroshia ni moja tu, fupi, yenye kulabu nchani. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hubeba safu nzima ya vitanzi kwa wakati mmoja. Kimoja kikiponyoka, huporomoka hadi chini. Mfumaji wa kroshia hubeba kitanzi kimoja. Kazi yote, hata iwe blanketi la kitanda cha futi sita, inaning'inia kwenye kitanzi hicho. Ndiyo maana mama anaweza kuacha kroshia katikati, akaenda kugeuza ndizi jikoni, akarudi akakuta kila kitu mahali pake.

Tuchukue mshono mfupi, ule wa kwanza kujifunza. Sindano inaingia chini ya nyuzi mbili zinazolala juu ya mshono wa safu ya chini, zile zinazofanana na herufi V. Inanasa uzi na kuuvuta. Sindanoni sasa kuna vitanzi viwili. Inanasa uzi mara ya pili na kuuvuta upite ndani ya vyote viwili, kinabaki kimoja. Mshono umekwisha. Lakini hicho kitanzi kilichobaki si mali ya mshono uliokwisha. Ndicho kitakachokuwa kichwa cha mshono unaofuata, ile V yake ya juu. Kila mshono hupewa kichwa na mwenzake aliyetangulia.

Ukishalielewa hilo, umeelewa siri yote ya milia. Mshono wa mwisho wa rangi nyeupe usiumalize kwa uzi mweupe. Ufume hadi sindanoni vibaki vitanzi viwili, uache uzi mweupe uning'inie nyuma, unase mwekundu, uvute. Kitanzi kilichobaki sindanoni ni chekundu, na mshono utakaofuata utakuwa mwekundu kuanzia kichwani hadi miguuni. Anayejifunza kwa kawaida humaliza mweupe kabisa, anapumzika, kisha anaingiza mwekundu. Mshono wake wa kwanza hutoka na mwili mwekundu na kichwa cheupe. Kwenye ukingo wa safu, kosa hilo linaweza kujificha. Katikati ya safu, kwenye ua au herufi, linaonekana kama tone la maziwa kwenye damu. Kanuni haibadiliki kwa mishono mirefu: iwe umezungusha uzi mara moja au mara tatu kabla ya kuingiza sindano, rangi hubadilishwa kwenye mvuto wa mwisho tu.

Ukifika mwanzo wa safu mpya, unapandisha vitanzi vya mnyororo ili kufikia kimo cha mishono inayokuja, kimoja kwa mshono mfupi, kwa kawaida vitatu kwa mshono mrefu wa kuzungusha uzi mara moja. Hivyo vinafumwa kwa rangi mpya, na kama mvuto wa mwisho ulifanywa mapema, vinakuja vyenyewe.

Kisha kuna suala la ncha. Kila ukikata rangi moja na kuingiza nyingine unabaki na ncha mbili zinazoning'inia. Shali yenye milia 40, kila mmoja ukikatwa pande zote mbili, ina ncha 80 za kuficha, na wapo wafumaji ambao shali zao zimelala sandukuni kwa sababu hiyo moja. Dawa ya haraka ni fundo. Siipendi. Fundo hukaa upande wa ndani, na kwenye kofia ya mtoto upande wa ndani ni utosi wake. Isitoshe, uzi wa akriliki ni mtelezi, fundo lake huweza kufunguka likifuliwa. Bora kuacha ncha ya sentimita 15 hivi, kuipitisha kwa sindano butu ndani ya mishono ya rangi yake kwenda upande mmoja, kuigeuza irudi, kisha kuigeuza tena. Wengine huilaza ncha juu ya safu ya chini na kuifuma humohumo wanapoendelea, wakamaliza shali na ncha zimekwisha kufichwa.

Njia nzuri kuliko zote ni kutokata. Hapa hesabu ya darasa la pili inafanya kazi kubwa. Ukifuma kwa kwenda na kurudi, safu moja huishia kushoto, ya pili kulia. Mlia wa safu mbili, nne au sita humrudisha mfumaji ukingo uleule alikoacha uzi wa zamani. Anaunyanyua tu na kuendelea. Mlia wa safu moja au tatu humwacha ukingo wa pili, na uzi anaoutaka uko ng'ambo. Kwa hiyo milia ya idadi shufwa haihitaji mkasi.

Vipi kama unataka milia myembamba ya safu mojamoja? Kwa rangi mbili, ukigeuza kazi kila safu, haiwezekani bila kukata. Kwa rangi tatu inawezekana. Nyeupe inaishia kushoto, nyekundu inaanzia kushoto na kuishia kulia, nyeusi inaanzia kulia na kuishia kushoto. Safu ya nne inaanzia kushoto, na nyeupe iko palepale inangoja. Jaribu na tano, itakubali. Jaribu na nne, itagoma. Ukiubeba uzi pembeni hivyo, usiukaze, la sivyo ukingo mmoja utakunjamana na shali itakuwa na umbo la ndizi.

Kofia ni habari nyingine, kwa sababu hakuna kwenda na kurudi. Huanzia utosini na kuzunguka, na kama huifungi kila duru, unafuma ond moja ndefu. Wasusi wa vikapu vya Kihaya na Kinyambo wanaijua shida hii tangu zamani, maana kikapu cha msokoto nacho ni ond inayopanda. Duru mpya haianzii kwenye kimo kilekile ilikoanzia ya chini. Imeshapanda ngazi moja. Rangi ikibadilishwa hapo, mlia hauungani na mwanzo wake, unaachana kwa kimo cha mshono mmoja. Msusi wa kikapu anaweza kuigeuza ngazi hiyo kuwa sehemu ya ua. Mfumaji wa kofia ana njia yake: mshono wa kwanza wa rangi mpya anaufanya wa kuteleza tu, usio na kimo, unaofuata mfupi, ndipo mirefu ianze, na ngazi inageuka kuwa mteremko usioonekana. Anayefunga kila duru huifunga kwa rangi mpya, si kwa ile anayoiacha. Ni sheria ileile ya kichwa kukopwa.

Sanaa hii ni changa kuliko inavyodhaniwa. Maelekezo ya kroshia ya mwanzo kabisa kuchapishwa yalitoka Uholanzi katika jarida la Penélopé, miaka ya 1820. Ireland iliigeuza kuwa riziki wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, watawa wakiwafundisha wanawake kufuma lesi za kuuza. Shule za misheni ziliisambaza Afrika pamoja na ushonaji. Kagera ilipata misheni ya Wakatoliki pale Kashozi mwaka 1892, na mwaka 1910 Walutheri wa Bethel, kutoka Bielefeld huko Ujerumani, wakafika Bukoba. Katika mji huohuo wa Bielefeld, zaidi ya miaka mia moja baadaye, wahandisi wa chuo kikuu cha sayansi tumizi wamekuwa wakiunda mashine ya majaribio ya kufuma kroshia ya kweli. Ni ya majaribio bado. Viwanda vimeweza sweta, soksi na lesi, lakini mishono ya kroshia unayoikuta sokoni imepita mkononi mwa mtu. Vitambaa vya mashine vinavyoitwa kroshia madukani vimefumwa kwa njia nyingine inayoiga sura yake.

Kuhusu kupanga rangi, mwalimu bora ni mkemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, kuanzia mwaka 1824. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi zimepauka. Akazipima, akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, hakuona kasoro. Kosa lilikuwa kwa jirani: nyeusi ikiwekwa kando ya bluu au zambarau, jicho huiona imefifia. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1839. Kwa hiyo kama mlia wako mweusi unaonekana kuchoka, kabla ya kumlaumu muuza uzi, angalia umeuweka kando ya nani. Na milia ikiwa myembamba mno, ukisimama mbali macho huichanganya. Nyekundu na nyeupe za safu mojamoja, kutoka upande wa pili wa uwanja, ni waridi.

Hapo tunamfikia shabiki wa klabu ya soka ya Simba. Kofia za milia nyekundu na nyeupe huvaliwa kila kona ya nchi, na zilizofumwa kwa pamba huweza kufa siku ya kwanza ya kufuliwa, nyekundu ikimwagikia nyeupe. Mtani wake, shabiki wa Yanga, hucheka, ingawa kijani chake nacho si cha kuaminiwa sana kando ya njano.

Sababu ni ya kikemia. Uzi ambao wauzaji wengi huuita sufu ni akriliki, nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli, ambazo kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1950. Rangi yake huingizwa kwenye joto linalokaribia lile la maji yanayochemka, nyuzi zikipoa huifungia ndani, kwa hiyo ni nadra kutoka. Pamba ni tofauti. Aina moja ya rangi bora za pamba, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, hushikana na nyuzi kwa muungano wa kikemia, lakini daima hubaki mabaki yasiyoshika, na kiwanda kisipoyasuuza, yatasuuzwa kwako, juu ya mlia mweupe. Watu wa Kagera wanaijua rangi iliyoshika kweli: utomvu wa mgomba ukidondoka kwenye shati, hakuna sabuni inayoutoa. Ndani yake mna tanini, ambazo hupata weusi zikigusana na hewa na hung'ang'ania nyuzi za pamba.

Wengi huloweka kofia kwenye siki na chumvi wakidhani zitaikamata rangi. Siki husaidia baadhi ya rangi za sufu halisi na hariri. Kwa pamba iliyokwisha kutiwa rangi haikamati kitu. Dawa ni kuosha uzi kabla ya kufuma. Fungua donge jekundu, lizungushe mgongoni mwa kiti liwe shada, lifunge kwa vipande vya uzi mahali panne ili lisijitatize, kisha ulioshe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, ukibadilisha maji hadi yatoke meupe. Ulianike kivulini. Kofia ikishakamilika, ifuliwe haraka kwa maji baridi na isiachwe imekunjwa ikiwa mbichi, maana rangi huhama zaidi hapo kuliko kwenye beseni. Ikiwa uzi ni akriliki, usiiguse kwa pasi ya mkaa: joto huilainisha, mishono hulala, na haitainuka tena.