MKULIMA KULIPWA KWA AJILI YA HEWA

Usinicheke nikikwambia kwamba kuna wakulima wanaolipwa kwa sababu ya hewa. Si mzaha, ni jambo lipo.

Sisi tunaosoma Bayolojia twajua kwamba mmea huvuta hewa ya kaboni kwa majani yake ili ujitengenezee chakula. Kaboni hiyo hukaa katika shina na mizizi, na majani yakioza huingia udongoni. Ukichoma mabua baada ya mavuno, kaboni inarudi hewani. Lakini ukiyatandaza shambani, utie samadi na kupanda miti mipakani, sehemu yake hubaki ardhini. Kaboni ikizidi angani, joto la dunia hupanda na mvua zetu huvurugika.

Je, pesa hutoka wapi? Kampuni zitoazo moshi mwingi hununua hati. Hati moja ni tani moja ya hewa ya kaboni iliyoondolewa au kuzuiwa. Hapa kwetu magharibi mwa Kenya, shirika la Vi Agroforestry kutoka Uswidi lilitia sahihi mkataba na mfuko mmoja wa Benki ya Dunia mwaka wa 2010. Hati za kwanza zilitolewa mwaka wa 2014, za tani 24,788. Sasa piga hesabu: ukizigawa hata kwa wakulima 30,000 tu, kila mmoja hafikishi tani moja. Basi asikudanganye mtu kwamba utajenga nyumba ya mawe kwa pesa hizo!

Faida kubwa imo udongoni penyewe. Udongo wenye mboji hushika maji, na mahindi hayakauki upesi jua likiwaka.

Kwetu nyumbani tuna nusu ekari. Mama ataka tupande miti mipakani. Baba naye asema kivuli kitapunguza mahindi, na pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni hutoka kwa mahindi hayo hayo. Wote wawili wana haki. Maoni yangu ni kwamba tupande miti michache, tena upande ambao kivuli hakitaangukia mahindi, na tufanye hivyo kwa ajili ya udongo kwanza.

Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka wa 2023. Miradi ya ardhi ya umma na ya jamii yafaa kuwapa wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa. Lakini shamba la mtu binafsi kinga yake ni mkataba. Kwa hivyo uliza: ni wa miaka mingapi? Nani atapima? Nikitaka kukata mti nijengee, itakuwaje?

Wanachama wenzangu, mikataba ikija kwa Kiingereza, tuwasomee wazazi wetu kwa Kiswahili kabla hawajatia kidole. Hiyo pia ni kazi ya chama chetu.