Wajukuu wa Wapagazi na Mlima wa Everest

Mtu akisimama Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, akayatazama majabali ya Usukuma yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na fundi, aghalabu hadhani kwamba yuko juu ya mlima. Walakini maji ya Ziwa Victoria yaliyo karibu naye yamelala kwenye kimo cha mita 1,134 juu ya bahari, na kwa hiyo kila mtoto wa ukanda huu huvuta, tangu siku ya kuzaliwa kwake, hewa iliyo nyepesi kidogo kuliko ile ya Bagamoyo au Unguja. Faida hiyo, ikiwa ni faida, haimfikishi mbali. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na Everest, uliosimama mpakani mwa Nepal na Tibet, una mita 8,849.

Upo uhusiano wa ajabu kati ya pwani hii ya ziwa na milima ya Himalaya, ulipo Everest. Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Mwanza Agosti 1858 na kuliona ziwa, alikuwa afisa wa jeshi huko Bara Hindi, na likizo zake alikuwa akizitumia kuwinda katika Himalaya. Na miaka miwili tu kabla ya safari yake hiyo, yaani 1856, wapimaji wa ardhi wa Bara Hindi walikuwa wametangaza kwamba kilele walichokijua kwa namba ya 15, ndio Everest yenyewe, ndicho kirefu kupita vyote duniani. Vitabu humtaja Speke. Wale waliomfikisha, waliobeba vitambaa vyake, shanga zake, vyombo vyake vya kupimia na chakula chake, hawatajwi ila kwa jumla, ilhali sehemu kubwa ya biashara ya bara katika karne ile ilikaa juu ya mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kila mmoja alichukua mzigo wa takriban frasila mbili kwa miezi mingi, wakimfuata kirongozi aliyeijua njia, visima na tabia za watawala.

Nimeanza na habari hiyo kwa makusudi, maana mtu aulizapo leo kujiunga na msafara wa kupanda Everest ni kitu gani, jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba ni msafara kwa maana ile ile ya babu zetu: mwenye fedha hutoa ujira, kirongozi huonyesha njia, na wapagazi hubeba.

Jambo hili la kumpeleka kileleni mtu asiyekuwa mpanda milima kwa kazi si la zamani sana. Mwaka 1985 tajiri wa Kimarekani Dick Bass, akiwa na umri wa miaka 55, alifika juu akiongozana na David Breashears, na tangu hapo watu wengi wakafahamu kwamba uongozi unaweza kununuliwa. Leo kampuni hutoza aghalabu kati ya dola 40,000 na 100,000 kwa mtu mmoja, na zipo zinazotoza zaidi. Na ndani ya fedha hizo imo ada ya kibali cha serikali ya Nepal, ambayo kwa upande wa kusini na msimu mkuu ilipandishwa Septemba 2025 kutoka dola 11,000 hadi 15,000. Kwa bei hiyo ya msafara mtu wa Kisesa angejenga nyumba, akanunua na ng'ombe wa kutosha kumwozesha kijana wake, na akabakiwa na chenji.

Safari yenyewe huchukua takriban miezi miwili. Ndege ndogo humtua msafiri Lukla, na kutoka hapo hutembea siku nyingi akipita Namche hadi kambi kuu, iliyo mita 5,364. Msomaji na atue kidogo hapa: kambi hiyo, ambapo kazi haijaanza bado, imepungukiwa na kilele cha Kilimanjaro kwa mita 531 tu. Kabla ya kukanyaga barafu, lama huitwa kufanya ibada. Moshi wa majani hufukizwa, mchele hurushwa, na zana za kupandia hubarikiwa. Mtu wa kwetu aliyewaona wachezaji wa vyama vya Wagika na Wagalu wakijiandaa kwa dawa kabla ya mashindano ya ngoma pale Bujora hatacheka.

Kisha huja maporomoko ya barafu ya Khumbu, mto ulioganda ambao kila siku husogea na kupasuka, na ambao huvukwa kwa ngazi za alumini na kamba zilizofungwa na Washerpa, wenyeji wa milima ile. Mgeni huupita mara chache. Msherpa huupita mara nyingi sana, maana ndiye apandishaye mahema, vyakula na mitungi ya oksijeni mpaka kambi za juu, ya mwisho ikiwa karibu na mita 7,900. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka juu ya njia hiyo ikawaua watu 16, na wote walikuwa wafanyakazi wa Kinepali. Hakuna mteja hata mmoja aliyekufa siku hiyo.

Kwa nini miezi miwili? Kwa sababu mwili haukubali haraka. Kileleni msukumo wa hewa ni takriban theluthi moja ya ule wa pwani ya bahari, na mtu akipelekwa huko ghafla huzimia na kufa. Basi hupandishwa kidogo akashushwa kulala, akapandishwa tena, hata damu yake iongeze chembe nyekundu za kuchukua oksijeni. Viongozi wa Kilimanjaro wanaijua elimu hii vizuri, nao huifupisha kwa neno moja, polepole. Juu ya mita 8,000, hata hivyo, hakuna kuzoea: mwili hudhoofika kila saa, maji huweza kujaa mapafuni au kwenye ubongo, na mtungi hununua muda tu.

Na msimu wenyewe unatoka kwetu. Upepo wa kusi, ule ule ambao mabaharia wa pwani waliungojea ili majahazi yarudi Arabuni na Bara Hindi, huvuka bahari ukielekea Himalaya na kumwaga mvua na theluji ifikapo Juni. Kabla haujafika, pepo kali za anga za juu hupungua kwa siku chache za Mei, na katika siku hizo misafara yote hukimbilia juu kwa pamoja, watu wakapanga foleni kwenye kamba moja.

Hapo ndipo kirongozi hupimwa. Tarehe 10 Mei 1996 wateja kadhaa walikuwa bado wanapanda ilhali saa nane za mchana, saa waliyopaswa kugeuka, ilikwisha kupita. Tufani ikawakuta njiani, wakafa watu wanane, wakiwemo viongozi wawili mashuhuri, Rob Hall na Scott Fischer. Rai yangu ni kwamba anayelipa anunue kwanza kirongozi mwenye moyo wa kumwambia "rudi" hata akilia na kubembeleza.

Watu wetu wamefika. Wilfred Moshi, kiongozi wa wapanda Kilimanjaro, alikuwa Mtanzania wa kwanza kusimama kileleni, tarehe 19 Mei 2012, na hilo lanifurahisha zaidi kwa kuwa anatoka katika jamii ya wale wanaobeba. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, jina walilolichuma kwa jasho. Binti wa Kitanzania Rawan Dakik alifika Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 20, na Mei 2022 James Kagambi, mwenye umri wa miaka 62, akawa Mkenya wa kwanza. Tenzing Norgay naye, aliyefika na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953, aliupanda mlima ule kwa mara ya kwanza mwaka 1935 akiwa mpagazi.

Basi msomaji mwenye azma na mwenye fedha, kabla hajaiuliza kampuni habari za hema na mapishi, na aulize Washerpa wake watalipwa kiasi gani, wana bima gani, na saa ya kugeuka itaamuliwa na nani. Mei 2024 mfanyakazi wa benki wa Kenya, Cheruiyot Kirui, alijaribu kufika bila oksijeni ya mtungi. Mwili wake ulionekana karibu sana na kilele, nao ukaachwa huko huko mlimani. Aliyekwenda naye akimwongoza aliitwa Nawang Sherpa. Yeye hakuonekana tena.