Sheria Inavyolinda Ubora wa Filamu za Watoto Nchini Denmark

Anayetazama filamu ya watoto ni mtoto, lakini anayelipa kiingilio ni mzazi. Kwa sababu hiyo, mtayarishaji anaweza kupata faida kwa kutegemea mhusika anayefahamika na vitu vya kuchezea vyenye sura yake, hata kama hadithi yenyewe ni hafifu.

Denmark, nchi yenye watu takriban milioni 6, ina changamoto ya ziada. Soko la filamu za Kidenmaki ni dogo, hivyo ni vigumu kwa mauzo ya tiketi pekee kurejesha gharama za filamu iliyoandaliwa kwa umakini.

Ili kukabiliana na hali hiyo, Sheria ya Filamu ya mwaka 1982 ilielekeza kuwa angalau asilimia 25 ya ruzuku ya Serikali kwa filamu itengwe kwa ajili ya watoto na vijana. Fedha hizo hutolewa na Taasisi ya Filamu ya Denmark, ambayo huzingatia pia thamani ya kisanaa ya mswada, si mapato yanayotarajiwa pekee.

Katika kipindi hicho, mwongozaji Bille August alitoa filamu ya vijana iitwayo Zappa (1983). Mwaka 1988, filamu yake Pelle Erobreren, inayomhusu mvulana mhamiaji, ilishinda tuzo ya Palme d'Or mjini Cannes, Ufaransa.

Ruzuku hiyo, ambayo gharama yake hubebwa na walipakodi, haiondoi biashara katika filamu. Humwezesha mtayarishaji kujiuliza kwanza ni hadithi ipi inamfaa mtoto, kisha ndipo aulize itauzwaje.