Mbwa Tumwitaye Mshenzi: Ukoo Wake ni wa Kale

Mtu afikaye Usenge asubuhi, saa ambayo mashua za wavuvi hutua, hawezi kukosa kuwaona mbwa. Huzungukazunguka penye omena iliyoanikwa mchangani, wembamba, wenye rangi ya udongo mwekundu, masikio yamesimama, na baadhi yao mkia umejikunja juu ya mgongo. Hufukuzwa kwa mawe, kisha hurudi. Na ukimwuliza mwenye mji kama anaye mbwa, huenda akakujibu, "Ninaye, lakini ni mshenzi tu." Maana yake ni kwamba mbwa wake hana ukoo, na mbwa wa haki ni yule aliyetoka ng'ambo.

Dhana hiyo si kweli, na makosa yake yatudhuru sisi wenyewe. Na tuanze na jina lenyewe. Katika Ulaya na Marekani yuko mbwa mashuhuri, ghali kununuliwa, aitwaye Basenji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Neno hilo latoka Kongo, katika lugha ya Kilingala, nalo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Mbwa huyo alikuwa mbwa wa vijijini tu, mwenzi wa wawindaji wa msituni. Walimfunga njuga ya mti shingoni ili wajue alipo, naye aliwakurupusha wanyama mpaka wakaingia nyavuni. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti kama ya kuimba. Tena jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, hali majike wengi wa mbwa wengine hupata mara mbili.

Mwaka 1895 jozi moja ya mbwa hao ilipelekwa Uingereza na kuonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, lakini walikufa upesi kwa maradhi. Katika miaka ya 1930 Bi. Olivia Burn aliwachukua wengine kutoka Kongo, nao wakaishi. Walipoonyeshwa London mwaka 1937 watu walisongamana kuwatazama. Hivyo mbwa wa washenzi akapata cheti.

Je, asili yake ni ya kale kiasi gani? Katika makaburi ya Misri ya kale zimo picha za mbwa wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyojikunja, na watu wengi huzishika picha hizo kuwa ushahidi. Lakini sura peke yake yaweza kudanganya. Yafaa kuuliza damu. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari ya uchunguzi wa mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Waliona kwamba Basenji ni wa ukoo mmoja na mbwa wa vijiji vya Afrika. Lakini yule aitwaye Mbwa wa Farao, pamoja na yule wa Rhodesia mwenye mstari wa nywele mgongoni, damu yao kwa sehemu kubwa si ya Afrika. Basi mwenye jina la mfalme alionekana mgeni, na mwenye jina la mshenzi akaonekana mwenyeji.

Mwaka 2020 wataalamu wengine walichunguza mabaki ya mbwa 27 wa kale. Waliona kwamba miaka 11,000 iliyopita mbwa walikwisha kugawanyika katika koo tano, na kwamba mbwa wa Afrika wametokana na wale wa Asia ya Magharibi. Nchini Misri mifupa ya mbwa imepatikana ya zaidi ya miaka 6,000. Kutoka kaskazini mbwa walienea kusini pamoja na watu na mifugo, lakini safari haikuwa nyepesi. Peter Mitchell, mtaalamu wa mambo ya kale, aliandika mwaka 2015 kwamba huenda maradhi, yakiwamo yale yaletwayo na mbung'o, ndiyo yaliyowachelewesha. Sisi wa pwani ya ziwa hatushangai, maana mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi sana kandokando ya ziwa hili.

Hata maneno yetu yashuhudia ukale huo. Mwenyeji wa Usenge humwita mbwa "guok", na Waacholi na Walango wa Uganda husema "gwok". Mapokeo yasema kwamba wazee wa Wajaluo walitoka kaskazini, upande wa mto Nile, wakafanya maskani Got Ramogi, kilima kilicho karibu na Usenge. Waganda nao husema "embwa", na watu wa Kongo husema "mbwa" kama sisi. Watu wa lugha mbalimbali wametembea na mnyama huyu tangu zamani.

Ziko faida gani za kujua haya? Sikiliza yaliyowapata wafugaji wa Marekani. Kwa kuwa Basenji wao walizaliwa na mbwa wachache mno, ugonjwa wa figo ulienea katika kizazi chao. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walisafiri mpaka vijiji vya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 mbwa hao waliingizwa katika daftari la ukoo. Mbwa wenye vyeti waliokolewa na mbwa wasio na vyeti.

Lakini mali isiyotunzwa huwa hatari. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya tangu mwaka 1912, na mwaka 2014 Serikali ilipanga kukikomesha kufikia mwaka 2030. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Mpeleke wako kwa daktari wa mifugo achanjwe kila mwaka, umpe chakula na maji, usimwache azurure ufukoni. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje dalili. Dalili zikitokea, dawa haifai tena.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbwa wa ng'ambo si mbaya, lakini huyu alalaye mlangoni pako ni wa nasaba ya kale. Afadhali kumchanja kuliko kumpiga mawe.