Kina cha Foleni na Muda wa Kungoja
Katika IBM MQ, programu ipangayo jumbe baina ya mashine, idadi ya jumbe zingojazo huitwa kwa Kiingereza “kina”, kana kwamba foleni ni kisima. Jina hilo hupotosha: kina hakielezi maji huchotwa kwa kasi gani. John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba wastani wa wangojao ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kungoja. Basi foleni tulivu yenye jumbe 600, ipokeayo 20 kila sekunde, hungojesha sekunde 30; yenye 60, ipokeayo 1 tu, hungojesha dakika nzima. Msimamizi wa benki aikimbiliaye ile ndefu huziacha hawala zikichelewa katika fupi. Ila foleni izidiyo kukua haipimwi hivyo. Hapo huulizwa kwanza kwa nini zitokazo ni chache kuliko ziingiazo.