Kijia cha Zege Shinyalu: Maji ya Juu na Maji ya Chini

Zege, ambalo ni mchanganyiko wa simiti, mchanga, kokoto na maji, haliwi gumu kwa sababu limekauka, ingawa hivyo ndivyo wenye nyumba wengi wanavyodhani. Huwa gumu kwa sababu simiti na maji vimeungana kikemia na kuzaa chembechembe zinazoshikamana na kuzifunga kokoto pamoja. Mmenyuko huo huendelea kwa majuma kadhaa, na unyevu ukiisha mapema ndani ya zege, nao husimama, hata kama nguvu iliyokusudiwa haijafikiwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kumwaga kijia cha kutoka langoni hadi mlangoni, au kabla ya kubomoa kilichopasuka ili kujenga kingine, ni habari ya maji: yanatoka wapi, yanaelekea wapi, na yatakaa kwa muda gani.

Katika nchi za jangwa jibu ni la upande mmoja. Lodwar, ambako mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 200 tu na joto la mchana hupita nyuzi 35, au Muscat, ambako kiangazi huvuka nyuzi 40, maji hukimbia kupitia juu. Jua, upepo na hewa kavu huyanyonya kabla simiti haijayatumia, na uso wa zege husinyaa ukiwa bado laini, ukaacha nyufa fupi zilizotapakaa. Wataalamu wa zege nchini Marekani huweka tahadhari pale ambapo maji yanayovukizwa yanafikia kilo 1 kwa kila mita ya mraba kwa saa, na ndiyo maana mafundi wa Ghuba humwaga zege usiku au alfajiri, hupoza maji ya kuchanganyia, na hufunika kazi mara inapomalizika. Isitoshe, mchanga wa matuta ya jangwani ni laini na wa mviringo mno, na maji ya ardhini ya pwani za Ghuba yana chumvi inayotia nondo kutu.

Shinyalu ni kinyume cha hayo karibu kwa kila kipimo. Eneo hili la Isukha, lililo kando ya Msitu wa Kakamega, kaskazini kidogo ya Ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Machi na Juni na tena kuanzia Agosti, kwa kawaida alasiri. Hapa kijia hakiharibiki sana kutoka juu. Huharibiwa kutoka chini, na anayetaka kubomoa chake hana budi kutambua hivyo kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti, kwa sababu zege jipya likilazwa juu ya kasoro ileile ya zamani litapasuka mahali palepale.

Udongo mwekundu wa Shinyalu husingiziwa bure. Ni mfinyanzi wenye madini ya kaolini, ambao hauvimbi na kusinyaa kwa kiasi kikubwa jinsi ufanyavyo udongo mweusi wa tambarare za Kano karibu na Kisumu, na ukiwa mkavu na umeshindiliwa vizuri hubeba kijia bila taabu. Udhaifu wake ni kwamba ukilowa kupita kiasi hulegea, na maji yakipata mwanya chini ya zege huuchukua kidogokidogo hadi pakabaki pango. Fuko nao huchimba humo, mchwa huhamisha udongo, na mizizi ya mparachichi au mkaratusi uliopandwa hatua chache tu kutoka njiani huinua kipande kimoja huku kingine kikibaki chini. Dalili ya pango ni sauti: zege likigongwa kwa nyundo hulia wazi kama mtungi mtupu, ilhali lile lililoegemea ardhi imara hutoa sauti fupi na nzito.

Chanzo kikubwa cha maji hayo mara nyingi si mvua inayoanguka juu ya kijia chenyewe, bali paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hivyo basi mabati yenye eneo la mita 80 za mraba, yakinyeshewa milimita 30 katika alasiri moja, hutiririsha lita 2,400, sawa na madebe 120 ya lita 20, na pale ambapo hakuna gata, yaani mfereji wa bati ukingoni mwa paa, maji yote hayo huanguka katika mstari mwembamba unaopita sambamba na ukuta. Kijia cha kuzunguka nyumba kikiishia ndani ya mstari huo, ukingo wake huchimbika kila msimu hadi upande wa nje ukaning'inia. Kwa sababu hiyo, fedha zinazotengwa kwa wavu wa nondo katika vijia vingi vya nyumbani zingefaa zaidi kwenye gata na mtaro. Nondo haizuii zege kupasuka. Kazi yake ni kushika nyufa zisipanuke, na hata kazi hiyo haiwezi kuifanya ikiwa wavu umelazwa moja kwa moja juu ya udongo, jambo ambalo ni la kawaida mno.

Msingi wa kijia basi huanza kwa kuondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji hadi kufikia udongo mwekundu ulio thabiti, kina ambacho kwa kawaida hufika milimita 150 hadi 200. Juu yake huwekwa moramu, yaani udongo wa changarawe, au mawe madogo yaliyojazwa mchanga wa mawe, na tabaka hilo hushindiliwa likiwa na unyevunyevu, si likiwa chepechepe wala vumbi. Kipimo rahisi ni kisigino: mtu mzima akikikandamiza na kisiache alama, tabaka limeshiba. Zege lenyewe huwa la unene wa milimita 100, na uso wake huinamishwa kuelekea mbali na ukuta kwa uwiano wa 1 kwa 50, ambao katika kijia cha upana wa mita 1.2 ni tofauti ya milimita 24, inayowekwa kwa kamba na pima maji wakati mbao za pembeni zinapopigwa, kwa kuwa baadaye haisahihishiki.

Uwiano uliozoeleka ni simiti 1, mchanga 2, kokoto 4 kwa ujazo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, na wilbaro iliyojaa bila kurundikwa hubeba karibu mara mbili ya hapo, hivyo mfuko mmoja huenda na wilbaro moja ya mchanga na mbili za kokoto. Kijia cha urefu wa mita 10, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 100 kina mita za ujazo 1.2, na kitahitaji takriban mifuko 8.

Kosa halimo sana katika simiti bali katika maji ya kuchanganyia. Maji yanayotosha mfuko mmoja ni takriban lita 25, nusu ya uzito wa simiti, na kila lita inayozidi huacha vinyweleo maji hayo yanapotoka baadaye. Kiasi hicho kikipanda hadi lita 35, zege hupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi. Sasa, mchanga uliomwagwa kando ya njia Shinyalu mwezi wa Aprili si mkavu hata kidogo. Wilbaro moja ya mchanga huo ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ukiwa na unyevu wa asilimia 5 tu tayari umebeba lita 5 za maji, kwa hiyo debe moja la lita 20 linatosha, ingawa fundi aliyezoea zege la kumiminika kama uji ataliona gumu na kutaka kuongeza. Inafaa akataliwe kwa upole. Mchanga wenyewe uwe wa mto na uwe safi. Mabaki ya uchimbaji wa dhahabu, kazi ambayo imeendelea Kakamega tangu miaka ya 1930 na ambayo huacha marundo ya mchanga yenye kuvutia kwa kuwa yako karibu, hayafai: ni laini mno, yanaweza kuwa na zebaki iliyotumiwa kukamatia dhahabu, na madini ya salfa yaliyomo hugeuka yakipata hewa na maji yakala simiti.

Siku ya kumwaga, kazi huanza asubuhi mapema ili uso uwe umesawazishwa na kufunikwa kabla ya mvua ya alasiri. Dhana kwamba mvua "inanywesha" zege jipya ni kweli nusu. Baada ya siku moja, mvua ni rafiki. Katika saa chache za kwanza huosha simiti ya juu na kuacha mchanga mtupu ambao utachubuka maisha yake yote, na kunyunyiza simiti kavu juu ya uso uliolowa ili kuuokoa huzaa ngozi nyembamba itakayobanduka. Karatasi ya nailoni iliyoandaliwa kando hugharimu kidogo kuliko tiba yoyote. Uso usilainishwe kwa mwiko ukang'aa, maana katika unyevu wa hapa huota ukoga na kuteleza. Ufagio mgumu ukikokotwa kukata upana wa njia huacha mikwaruzo inayoshika nyayo.

Kwa kuwa zege husinyaa kidogo linapokomaa, litapasuka hata likijengwa vyema, na fundi hubaki na uamuzi wa mahali tu. Viungo vya makusudi, yaani mikato yenye kina cha robo ya unene, hapa milimita 25, huwekwa si mbali zaidi ya mita 2.5 hadi 3, na katika kijia chembamba ni bora vikaribiane zaidi, ili kila kipande kisirefuke kupita mara moja na nusu ya upana wake. Pale kijia kinapogusa ukuta wa nyumba huachwa nafasi iliyojazwa kitu laini, kwa kuwa nyumba na kijia hushuka ardhini kwa viwango tofauti.

Kuna miezi ambayo Shinyalu nayo huikaribia hali ya Lodwar kwa kiasi. Desemba hadi Februari jua ni kali, upepo wa mchana ni mkavu, na hii ndiyo miezi inayopendwa na mafundi kwa kuwa haiwasumbui kwa mvua. Hapo ndipo kanuni za jangwani zinapofaa: kulowesha msingi kabla ya kumwaga, kufunika mara moja, na kuendelea kulowesha kwa magunia. Mifuko mingi ya daraja la 32.5 inayouzwa madukani Kenya ina majivu ya volkano ndani yake, simiti ambayo hupata nguvu polepole, na kwa hiyo siku 7 zinazotajwa mara nyingi ni haba. Siku 10 hadi 14 ni salama zaidi.

Katika ukarabati, ufa mwembamba ambao pande zake mbili ziko sawa unaweza kuachwa au kuzibwa, lakini ufa ambao upande mmoja umeshuka unadai kipande kizima kiondolewe kutoka kiungo hadi kiungo. Kupiga plasta ya milimita 20 juu ya zege lililopasuka ni kupoteza simiti, kwa sababu ardhi chini bado inacheza na plasta haina unene wa kuistahimili. Vipande vilivyovunjwa visitupwe: vikipondwa kufikia ukubwa wa ngumi na kusafishwa udongo huwa mawe mazuri ya msingi, mradi pango lililokuwa chini limechimbuliwa lote, limejazwa kwa matabaka na kushindiliwa, na maji yaliyolichimba yamekwisha kuonyeshwa njia nyingine. Kipande kipya hutenganishwa na cha zamani kwa karatasi ya lami ili kila kimoja kishuke peke yake, na pikipiki za bodaboda huzuiwa kupita ukingoni kwa angalau juma moja, kwa kuwa ukingo ndio sehemu ya zege iliyo dhaifu zaidi chini ya mzigo.