Koti la baridi kwa mwanamke mfupi: anza na bega

Mwanamke mfupi akisimama mbele ya kioo ndani ya koti la baridi lililompwaya, lawama ya kwanza huangukia mwili wake. Muuzaji atamwambia, au atajiambia mwenyewe, kwamba makoti hayamkai, kwamba yeye ni andunje na nguo hizo ni za warefu. Sikubaliani na hukumu hiyo hata kidogo. Koti halimkai kwa sababu lilikatwa kwa vipimo vya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine anajulikana.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo hili hatulioni mapema kwa kuwa nguo zetu nyingi za heshima hupitia kwa fundi. Ukimpelekea kitenge, hakuulizi unavaa namba ngapi. Anazungusha futi kifuani, anashuka kiunoni, anapima bega hadi bega, anaandika kwenye daftari lake, basi. Kanga nayo haichagui kimo: ni ileile kwa wote, na kila mwanamke huikunja juu mpaka pindo lifike anapotaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuzeekea Tanga au Mwanza bila kujua saizi yake ya dukani, na asipungukiwe na kitu. Lakini koti la baridi karibu hakuna anayelishonesha. Tunalikuta tayari limeshonwa, ama limetoka kwenye belo la mitumba katika soko la Mwanjelwa au Gikomba, ama linaning'inia kwenye duka la Toronto wakati mgeni ametoka uwanja wa ndege na gauni la kitambaa chepesi. Mwanamke aliyezoea nguo ifuate mwili wake anatakiwa sasa mwili wake ufuate nguo.

Vipimo vya nguo za dukani vilitoka wapi? Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, kazi ikiongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Ripoti yao ilitoka mwaka 1941, na mwaka 1958 ikawa msingi wa viwango vya taifa vya saizi za nguo za wanawake nchini humo. Hesabu za mwisho zilibakiza wanawake weupe peke yao. Viwango hivyo viliondolewa rasmi mwaka 1983, na tangu hapo kila kampuni inajipangia saizi zake. Hata hao Wamarekani hawakutoshewa wote. Mbunifu wa New York, Hannah Troy, alipoangalia vipimo vya wanawake waliojiunga na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliona kwamba wengi wana kiwiliwili kifupi kuliko nguo walizokuwa wakiuziwa. Akaanza kukata nguo zinazowafaa, na anatajwa miongoni mwa walioanzisha saizi ambazo leo madukani zinaitwa petite.

Nguo za petite kwa kawaida hukatwa kwa mwanamke asiyezidi kama sentimita 163. Wastani wa kimo cha wanawake wa Tanzania na Kenya haufiki sentimita 160. Yaani mwanamke wa kawaida kabisa wa Dodoma au Machakos, ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumwita mfupi, akiingia duka la New York anatakiwa aende kwenye kona ya wafupi. Jambo hili lingemsaidia kulijua kabla hajaanza kuuchukia mwili wake. Tena saizi hizo hazihusiani na wembamba. Mwanamke mnene mwenye sentimita 155 anahitaji bega na mkono wa petite sawasawa na mwembamba mwenye kimo hichohicho, na akinunua koti kubwa la kawaida ili limtoshe kifuani, atapata kifua na kupoteza kila kitu kingine.

Ukilishika koti, macho yaende begani kabla ya rangi na kabla ya bei. Mshono unaounganisha mkono na bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka sentimita tatu au nne kuelekea mkononi, liache, hata kama ni sufu safi, hata kama muuzaji anasema, "Chukua tu dada, utavalia sweta ndani." Sweta haliongezi upana wa mifupa. Bega ndilo linalobeba uzito wote wa koti. Likikosea, kifua kinafanya mikunjo, mgongo unavimba, na mtu anaonekana kama amevalishwa na kaka yake. Yapo makoti ambayo mshono wa mkono unaanzia shingoni na kushuka kwa mshazari mpaka kwapani. Hayo humsamehe kidogo mwenye mabega membamba, kwa sababu hayana alama ya kuonyesha bega lilipaswa kuishia wapi.

Baada ya bega, tazama kiuno. Koti la mwanamke mrefu limebanwa mahali ambapo kiuno chake kipo, na kwako mahali hapo ni kwenye nyonga. Hapo ndipo koti zuri linapomfanya mfupi aonekane mfupi zaidi na mpana zaidi, kwa kuwa linabana penye upana na kuachia penye wembamba. Mifuko nayo hufuata mkosi huo: unapoingiza mikono lazima uinamishe mabega ili uifikie. Mkono wa koti uupime ukiwa umekunja kiwiko kana kwamba umeshika usukani, kisha uangalie kama pindo linafika kwenye mzizi wa kidole gumba. Likifika kwenye ncha za vidole, mkono ni mrefu mno, ingawa habari njema ni kwamba mkono unarekebishika.

Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba mfupi asivae koti refu. Ushauri huo umetolewa na watu wanaofikiria picha bila kufikiria upepo. Koti fupi linaloishia nyongani, kama lile la mabaharia lenye safu mbili za vifungo, kweli linampendeza mfupi kwa kuwa linauachia mguu uonekane, na kwa London, ambako adui mkubwa ni mvua na unyevu, linatosha siku nyingi. Lakini mpeleke mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akapewa makazi Maine au Minnesota, kisha umsimamishe kituo cha basi mwezi wa Januari, nyuzi joto ziko kumi na kitu chini ya sifuri. Mapaja yake yanahitaji kufunikwa. Kumwambia avae koti fupi ili aonekane mrefu ni kumkosea.

Koti refu linamfaa mfupi kama limenyooka, kama bega limekaa, na kama pindo linaishia mahali ambapo mguu unaanza kuwa mwembamba: chini kidogo ya goti, au pale misuli ya nyuma ya mguu inapoishia. Likiishia katikati ya misuli hiyo, penye unene wake wote, mguu unaonekana mzito na mfupi. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ambaye kimo chake kilitajwa kuwa kama sentimita 163, alivaa makoti kwa miaka mingi mbele ya kamera za dunia nzima, na washonaji wake walikuwa na utaratibu unaoonekana wazi kwenye picha: rangi moja kutoka kofia hadi pindo, bega lililokaa sawasawa, pindo karibu na goti. Edith Piaf, mwimbaji wa Ufaransa ambaye hakufika mita moja na nusu, alipanda jukwaani na gauni jeusi lisilo na pambo. Rangi moja haikatizi jicho njiani. Koti jeusi, suruali nyeusi, buti nyeusi, na jicho linapanda moja kwa moja mpaka usoni. Si lazima iwe nyeusi. Rangi ya damu ya mzee au ya kijani cha chupa hufanya kazi ileile, mradi buti na suruali visipigane nayo.

Kwa anayevaa baibui au sketi ndefu chini ya koti, mpaka kati ya nguo mbili ndio wa kuangalia. Sketi ikichungulia kiganja kimoja chini ya koti, mwili unakatwa vipande. Ama koti lifunike karibu yote, ama liishie juu, nyongani, sketi iachwe ishuke bila kukatizwa. Skafu nzito iliyozungushwa mara nyingi huimeza shingo, na kwa mfupi shingo ni mali. Skafu nyembamba ya sufu iliyoingizwa ndani ya ukosi inatia joto vizuri.

Wengi hununua koti kubwa wakidhani ukubwa ndio joto. Kinachotia joto ni hewa iliyotulia karibu na mwili. Koti likipwaya sana, kila hatua inaisukuma hewa ile nje kupitia pindo na ukosi na kuvuta baridi ndani. Likibana kupita kiasi nalo linayakandamiza manyoya ya bata yaliyojazwa ndani, na manyoya yaliyokandamizwa hayashiki hewa. Kwa hiyo kukaa vizuri kwa koti na joto lake ni jambo moja. Zaidi ya hapo kuna usalama. Kofia ya koti iliyokatwa kwa kichwa kingine hushuka machoni wakati unavuka barabara, na pindo linalofika vifundoni hukanyagwa kwenye ngazi zenye barafu. Mfupi anayehitaji koti refu lililojazwa manyoya atafute lenye mistari myembamba ya mishono, kitambaa kisichong'aa, na zipu inayofunguka juu na chini ili aweze kuketi na kupanda basi bila koti kumpandia kidevuni.

Sasa turudi kwa fundi, maana hapa ndipo sisi tuna utajiri ambao wenzetu wengi wa Ulaya wanaulipia ghali. Koti la sufu lililokaa begani likakosea kwingine linaweza kuokolewa. Kazi rahisi kuliko zote, ambayo watu hawaifikirii, ni kupandisha vitanzi vya mkanda. Vikifumuliwa na kushonwa juu kidogo, mkanda unakamata kiuno chenyewe na koti lote linabadilika sura. Kifungo kinasogezwa. Pindo linapunguzwa, lakini kwanza mwambie fundi aangalie mifuko: akikata mno, mifuko itabaki karibu na pindo na koti litaonekana limenyofolewa. Bitana ikatwe fupi kuliko sufu na iachiwe mkunjo wa kupumua, la sivyo itavuta pindo lijikunje. Mkono wenye vifungo vya mapambo kwenye kifundo cha mkono usikatwe chini. Fundi mzuri ataufumua begani na kuupunguza kutoka juu, kazi inayohitaji mkono uliotulia na malipo yanayolingana. Apige pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, asiiguse sufu moja kwa moja.

Kupunguza bega lenyewe ni kulifumua koti na kulishona upya, na mara nyingi halistahili gharama. Koti la manyoya ya bata nalo usimpe fundi asiyewahi kulishika. Akipitisha mkasi bila kwanza kushona mistari miwili ya kuzuia, manyoya yatajaa kibandani kwake na joto lako litakuwa limekwenda nayo. Koti lenye zipu ya kufunguka juu na chini pia ni gumu kufupishwa, kwa sababu vyuma vya zipu vipo palepale kwenye pindo.

Anayenunua mitumba kwa ajili ya baridi ya Makete, Njombe au Limuru ana nafasi ambayo hapaswi kuipitisha. Makoti haya yalikatwa kwa ajili ya baridi kali, na lebo zake zinasema mengi. Herufi P baada ya namba ya saizi kwenye koti la Kimarekani ni ya petite, ukiiona, simama. Rundo la watoto nalo usilidharau. Nguo za watoto wakubwa kutoka bara la Ulaya mara nyingi huandikwa kimo kwa sentimita: 146, 152, 158, 164. Koti lililoandikwa 158 lilikatwa kwa mwili wa kimo hicho, mkono wake na mifuko yake vikiwa mahali pake. Linamkaa mwanamke mwembamba wa kimo hicho vizuri mno. Mwenye kifua au nyonga pana alifunge vifungo vyote na kuketi kabla ya kulipa, kwa kuwa mtoto hakuachiwa nafasi hizo. Aliyeko Uingereza ana faida ya ziada: nguo za watoto wadogo huko hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, hivyo koti la idara ya watoto linaweza kuwa rahisi kuliko la wakubwa lenye ubora uleule. Aliyeko Marekani aangalie kampuni zinazotengeneza makoti ya baridi kali kwa saizi za petite, kama L.L.Bean ya hapohapo Maine, au Lands' End. Msimu ukikaribia kwisha, bei za makoti hushuka.

Na kama ni ndugu aliye ughaibuni ndiye atakayekununulia, usimwambie "mimi ni mdogo tu." Mwendee fundi wako akupime juu ya sweta utakalovaa, kisha umtumie: bega hadi bega, kifua, nyonga, mfupa wa shingo hadi kiuno kwa nyuma, bega hadi mzizi wa kidole gumba kiwiko kikiwa kimekunjwa, na shingo hadi pale unapotaka pindo liishie. Mwambie aende dukani na futi, alilaze koti mezani na kulipima lenyewe, bega likiwa la kwanza.